Mashua Niliyoiziba kwa Ndani

Mimi ni fundi wa vitanda. Natengeneza pia milango, makabati, kenchi za paa na, watu wakifariki, majeneza. Lakini ukiniamsha ghafla uniulize kazi yangu, nitakwambia vitanda. Karakana yangu iko uani kwangu, upande wa Makueni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Mto Athi. Nataja umbali huo mapema kwa sababu kila aliyenikuta nikiunda mashua aliniuliza inafanya nini mbali na maji, na mimi hasira zangu ziko karibu. Wa kwanza nilimjibu vizuri. Wa pili nilimjibu kwa kifupi. Kuanzia wa tatu nilikuwa nawasha randa ya umeme nisimsikie.

"Fundi, hii kitanda ni ya nani?"

"Ya samaki."

Mchungaji wetu naye akaanza kuniita Nuhu, na Jumapili iliyofuata kanisa zima likamfuata. Mwezi mzima nilikuwa Nuhu. Nikitema mate, Nuhu ametema mate. Niliwaambia Nuhu alikuwa na faida moja ambayo mimi sina: jirani zake walinyamaza mwishowe.

Sababu ya mashua ilikuwa mke wangu. Yeye alizaliwa ng'ambo ya mto, upande wa Kitui. Wakati wa kiangazi, ng'ambo hiyo ni kwa jirani tu: unavua viatu, unakunja suruali, unafuata mawe na kufika kabla chai haijapoa. Mvua za Novemba zikishika, mto unajaa maji mekundu kutoka ukingo hadi ukingo, na jirani anakuwa mtu wa nchi nyingine. Daraja liko mbali. Kuzunguka ni siku nzima, kama barabara haijakatika.

Baba mkwe wangu alifariki mwezi wa Novemba, mwaka wa mvua nyingi. Asubuhi ya mazishi mke wangu alitaka tuzunguke kwa barabara kukiwa bado na umande. Mimi nikasema tungoje kidogo pale kivukoni, maji yatapungua. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Tulisimama ukingoni saa tatu nzima tukiangalia magogo yakipita, na maji hayakupungua hata kwa upana wa kidole. Tulipoanza kuzunguka, gari likakwama mara mbili. Tukafika kesho yake mchana, watu wanakunja turubai na kaburi limeshafukiwa.

Kwetu kila mtoto hutupa udongo wake kaburini. Mke wangu, kifungua mimba wa mzee yule, hakutupa. Aliinua shada lililokuwa limeanguka, kisha akaingia jikoni kusaidia kuosha sufuria. Hakunilaumu. Hakumuuliza mama yake kwa nini hawakumngoja. Alirudi kumsalimu mama yake mara nyingi kiangazi kilipofika, wakaongea habari za mbaazi na mbuzi, na neno la mazishi halikutoka kwa yeyote kati yao. Lakini kila wingu lilipokusanyika upande wa Kitui, alipanda mwamba ulio nyuma ya zizi letu akasimama akiuangalia mto. Angenitukana ningepona. Kimya chake ndicho kilichonila, kwa sababu nilijua zile saa tatu ni zangu.

Basi nikaapa kwamba mto ule hautamzuia tena.

Mbao sikununua. Kwenye mpaka wa shamba letu kulikuwa na miti miwili ya mukau, ule mti wetu wa nchi kavu ambao mchwa huuonja mara moja tu. Mwaka tuliooana, baba mkwe alivuka mto kwa miguu akiwa amebeba miche miwili ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, akampa binti yake aipande. Miaka ishirini na saba baadaye ilikuwa minene kuliko mimi. Nilizunguka swali la kuikata wiki nzima, nikinoa msumeno ambao ulishakuwa mkali. Hatimaye nikamwambia mke wangu ninachotaka kuunda, na kwa miti ipi.

Alikuwa anapepeta pojo. Aliendelea kupepeta mpaka nikadhani hakusikia.

"Kata," akasema. "Mukau hutoa machipukizi."

Watu wa pwani, nasikia, wana jina la kila kipande cha chombo. Mimi sikuwa na majina hayo, kwa hiyo nilitumia ya kitanda. Upande wa mbele nikauita kichwani, wa nyuma miguuni. Mbavu nikaziita chaga. Umbo lenyewe nililipata kwenye simu, kwa kutazama video za wazungu wanaounda mashua kwenye gereji zao. Ni watu wenye furaha sana, wazungu hao, na kila mmoja ana vibano kama arobaini. Mimi nilikuwa na vibano vitatu na kamba za kufungia ng'ombe. Niliwatazama bila sauti ili nisichoke na maneno, na huko ndiko nilikopotea, ingawa sikujua bado.

Mashua ilikuwa ya futi kumi na moja. Kupinda mbao za mukau ili zifuate mbavu kulinitoa jasho ambalo kitanda hakijawahi kunitoa. Nilizifunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji moto, nikazikalia, nikazisemesha, moja ikapasuka, nikaitukana. Lakini nisiseme uongo: nilikuwa na raha. Asubuhi niliamka nikikimbilia karakana kama mtu aliyeacha chakula motoni. Kitanda ukishatengeneza mia mbili, mikono inafanya yenyewe na akili inakwenda kulala. Hapa akili ililazimika kuamka na kushika nyundo.

Mbao zilipokamilika, kati ya moja na nyingine palibaki nyufa za kupitisha ncha ya kisu. Hapo mke wangu alileta kundi lake la mwethya, wale wanawake wanaosaidiana kulima na kuchimba matuta kwa zamu. Walikaa kwenye mkeka, wakakunja sketi, wakasokota nyuzi za mkonge juu ya paja kama wanavyosokota za vyondo, huku wakinicheka kwa zamu vilevile. Nyuzi hizo nikazishindilia kwenye nyufa kwa patasi butu, kisha nikamwaga juu lami niliyoinunua Emali. Nilifanya kazi hiyo nikiwa nimepiga magoti ndani ya mashua, siku nne, mgongo ukilia. Ndani paling'aa kama sufuria mpya.

Fundi haachi kazi bila kuijaribu. Ukijenga tangi, unalijaza. Kwa hiyo siku ya Alhamisi nikaamua kuijaza mashua.

Maji kwetu hayachezewi. Wanawake wa mwethya walinitazama kama niliyeomba damu. Lakini mke wangu alileta punda wake, mwingine akaleta wa kwake, na kufikia saa nne mitungi ya plastiki ilikuwa imepangwa uani. Tulimimina mpaka maji yakafika karibu na ukingo. Nikalala chini, nikaingiza kichwa uvunguni na kukagua kila kiungo. Halikutoka hata tone. Nikainuka nikiwa na udongo kwenye nywele, na nadhani nilipiga kelele. Hata mchungaji, aliyekuwa amepita kutazama, alipiga makofi. Kisha wanawake wakachukua bakuli na vikombe wakayarudisha maji yote kwenye mitungi, kila mmoja akaenda na yake nyumbani. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wahenga hao hawakuwajua wanawake wa kwetu.

Siku ya Jumamosi tukaibeba mashua hadi kwenye silanga, lile bwawa la kijiji la kunyweshea mifugo. Watu walikuwa wengi kuliko kwenye harambee. Ng'ombe walisimama ndani ya maji hadi magoti wakatuangalia. Niliingia, nikakaa kwenye ubao, nikashika makasia, na kwa muda wa kuhesabu kama ishirini hivi nilielea. Nakumbuka jinsi kulivyokuwa kimya. Nakumbuka niliwaza, mimi mtoto wa Mkamba, naelea.

Kisha kitu kikanigusa kifundo cha mguu. Nikaangalia chini. Zile nyuzi za mkonge zilikuwa zinachomoza ndani kutoka kwenye kila ufa, moja baada ya nyingine, zikifuatwa na maji. Lami ilijibandua kama ganda la kidonda. Sikuzama kwa kasi. Nilishuka polepole, nimekaa wima na makasia mikononi, mbele ya kanisa zima, mpaka maji yakanifika kifuani na mashua ikatulia kwenye matope. Ng'ombe mmoja alisogea akanywa maji karibu na bega langu.

Sitaandika walichosema watu. Kilichonitia wazimu ni kwamba sikuelewa. Maji yaleyale, mbao zilezile, Alhamisi hazikupitisha tone. Nilipofika nyumbani nilitupa patasi juu ya paa, na siku mbili sikuongea na mtu. Niliagizwa kitanda, nikamwambia mteja alale chini.

Siku ya tatu mke wangu aliingia karakana. Mashua ilikuwa imepinduliwa, inakauka. Akapitisha kidole kwenye ufa mmoja kwa upande wa nje, akakuta kipande cha mkonge kilichobaki, akakisukuma kidogo. Kikaangukia ndani. Akasukuma kingine. Kikaanguka pia.

"Baba watoto," akasema, "umetengeneza tangi."

"Nimetengeneza mashua."

"Umeziba kwa ndani. Maji yakiwa ndani yanasukuma hizi nyuzi zinakaza. Haya ya silanga yako nje. Yanazisukuma zinatoka."

Nilitaka kubisha, ndiyo tabia yangu. Nikasukuma kipande kingine mwenyewe, kikaanguka. Tangu nizaliwe sijawahi kumwona mtu wa kwetu akihangaika kuzuia maji yasiingie mahali. Tunachimba, tunajenga, tunapiga plasta, tunaweka mifereji kwenye paa, yote ili maji yakishaingia yasitoke. Wale wazungu wa kwenye simu hawakusema uzibe kwa nje kwa sababu kwao hata mtoto anajua. Au walisema, na mimi nilikuwa nimezima sauti. Nikaanza kucheka, mke wangu akacheka, akakaa juu ya mashua kwa kukosa nguvu. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu msiba.

Tukaanza upya. Yeye alisokota, mimi nikashindilia, safari hii kwa nje, mashua ikiwa kifudifudi. Mwisho wa Oktoba tuliirudisha silanga, asubuhi ya siku ya kazi, bila mchungaji. Iliingiza maji kidogo, kiasi cha kikombe kila baada ya muda, nami nikajifunza kupiga makasia kwa kuzunguka na kuzunguka katikati ya bata.

Novemba ikashika. Mto ukajaa. Binti yetu alikuwa amekuja kujifungua kwetu, na mtoto alikuwa na wiki mbili mama mkwe alipopiga simu. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Nasikia kitukuu changu analia. Ana sauti. Wanasema huko mko na chombo. Nije nimwone, ama ningoje Januari nikiwa bado hai?"

Mke wangu akanitazama. Nami nikaogopa, kwa sababu moja ambayo video zote zile hazikunitayarishia.

Sisi Wakamba tuna nthoni. Ni heshima iliyochanganyika na aibu, kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Humtazami usoni, hamkai pamoja, hamgusani. Mkikutana njiani, mmoja anapinda. Vijana wa leo wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, na sina neno nao. Lakini mama mkwe wangu ni wa zamani, na mimi nilimwoa binti yake kwa masharti ya zamani. Kwa miaka ishirini na saba tulikuwa tumesalimiana kwa mbali, yeye akiangalia miti, mimi nikiangalia mbuzi. Akitaka kuniambia kitu alimwambia binti yake amwambie mwenye nyumba. Sasa nilikuwa na futi kumi na moja za kuepukana naye. Isitoshe, mpiga makasia hukaa akiwa ameelekea nyuma, ana kwa ana na abiria.

Tulikaa na mke wangu tukipanga mahali pa kukaa watu kama wanaopanga meza ya harusi. Mwishowe yeye ndiye aliyetatua: mama atakaa kichwani, nyuma ya mgongo wangu, yeye atakaa miguuni, akinitazama. Mgongo hauna macho, akasema.

Tulingoja siku tatu bila mvua, mpaka mto ukatulia. Tulichagua pale unapopanuka na kwenda polepole. Mamba wapo, siwezi kuficha, ndiyo maana sikuwahi kuomba kwa dhati kama asubuhi ile. Kila abiria nilimfungia mitungi miwili mitupu ya kumwelesha tukipinduka, mmoja kila ubavu. Kwenda tulikuwa wawili, na maji yalitubeba hatua kama hamsini kuelekea chini kabla hatujagusa ukingo wa Kitui. Mama mkwe alikuwa tayari amesimama pale, kitambaa kichwani, kiondo mkononi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Niligeukia mto mpaka alipokwisha kukaa. Mke wangu akampa kata ya kuchotea maji, akamfunga mitungi yake, akapita kando yangu akaenda kukaa miguuni.

Tukaanza kurudi. Nyuma yangu nilisikia kata ikichota na kumwaga, kuchota na kumwaga, bila haraka. Tulipofika katikati ikanyamaza.

"Mwenye nyumba," akasema mama mkwe. "Unasikia?"

Karibu niachie makasia. "Nasikia, mama."

"Siku ya kumzika mzee tulingoja. Walitaka kumaliza saa sita. Nikaleta kiti nikakaa kando ya shimo, nikasema kifungua mimba wangu yuko njiani, na anayetaka kushika jembe anifukie na mimi. Wakangoja mpaka saa kumi. Kisha mvua ikaanza, na maji yakaanza kuingia kaburini. Ni mimi niliyesema wafukie. Sikutaka mzee alale ndani ya maji."

Niliendelea kuvuta makasia.

"Huyu mtoto wangu hakuniuliza hata siku moja. Nikajua amenikasirikia. Nikaogopa kuanza."

Mila ilinikataza kumwona mama aliyekuwa akisema hayo. Lakini binti yake alikuwa mbele yangu, magoti yakikaribia kugusana na yangu, na nilimwona uso wote. Machozi yalishuka tu, mengi, naye hakuyafuta.

Kitu kikanigonga begani. Ulikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia, umefungwa kwa mfuko wa plastiki.

"Mpe," akasema mama mkwe. "Nilimwekea wake."

Nikaachia kasia moja, nikapeleka mkono nyuma bila kugeuka, na vidole vyangu vikagusa vyake, vikavu na baridi. Nikampa mke wangu ule mkebe. Akaufungua. Ulikuwa na udongo mwekundu, umekauka, kiasi cha konzi mbili. Akautazama kwa muda mrefu, akafunga, akauweka mapajani na kuukumbatia kwa mikono yote miwili. Kisha akainua macho, akaangalia ukingo.

"Baba watoto," akasema, "vuta makasia. Tunarudi Kitui."

Kweli mashua ilikuwa imegeuka. Nyuma yangu mama mkwe akacheka, kicheko kidogo cha kifuani, nikajikuta nami nacheka huku nikihangaika kutafuta kasia, na kata ikaanza tena kuchota.

Tulipofika nyumbani mke wangu hakuingia ndani kwanza, ingawa mtoto alikuwa akilia. Alimshika mama yake mkono, wakaenda hadi mpakani mwa shamba, kwenye visiki vya mukau. Machipukizi yalikuwa yameshafika urefu wa kiuno. Akapiga magoti, akachota udongo kwenye mkebe, akautupa taratibu kwenye shina la kwanza, kisha la pili.

"Lala, baba," nilimsikia akisema. "Hapa ni pakavu."

Mimi nilikuwa nimebaki karakana, hatua chache kutoka pale, sasa nimewapa mgongo kwa sababu ya nthoni, nimeshika kitanda cha mteja nisichojua nakifanyia nini, nikilia kwa sauti kama mtoto.